Mcheza Kwao Asiyetuzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, lakini ninazo habari za bwana mmoja wa Uingereza aliyecheza kwao maisha yake yote, tena akaicheza ngoma ya kwao hasa, na asituzwe mpaka wageni walipomtuza. Jina lake ni John Constable, mchoraji. Ngoma yake ilikuwa mto mmoja mdogo uitwao Stour, na mchezo wake uliovuma kuliko yote ni picha aliyoionyesha London mwaka 1821. Watu wanaijua kwa jina la The Hay Wain, yaani gari la majani makavu.

Ndugu msomaji, najua utauliza: sisi vijana tunaohangaika na miswada yetu huku wachapishaji wakituambia "rudi wiki ijayo", picha ya mto wa Ulaya ya miaka mia mbili iliyopita inatuhusu nini? Nipe nafasi. Picha hii ina mambo mawili yanayomfaa mwandishi chipukizi. Moja ni la kuiga, na la pili ni la kuogopa. Wengi wanaoisifu hulitaja la kwanza wakalifumbia macho la pili. Hebu leo tuyatazame yote mawili.

Picha yenyewe

Kwanza, ni kubwa. Upana wake ni sentimita 185 na kimo sentimita 130. Kwa lugha ya mafundi seremala wetu, ni kama kitanda cha nne kwa sita kilichosimamishwa ukutani. Imechorwa kwa rangi za mafuta, na leo imo katika jumba la National Gallery, London.

Ukisimama mbele yake, kushoto unaiona nyumba ya mkulima, kuta nyeupe, paa jekundu, moshi ukipanda kwenye dohani. Ukingoni mwa maji mwanamke ameinama. Mbele kabisa mbwa amesimama akitazama mtoni. Katikati ya mto kuna gari la mbao, tupu, linalovutwa na farasi watatu, na ndani yake wamo wanaume wawili. Maji ni ya kina kifupi, wala hakuna hatari yoyote. Kulia, kando ya matete, kuna mashua na mtu mmoja. Halafu jicho lako linavuka mto na kwenda mbali, kwenye uwanda wa majani unaong'aa kwa jua. Huko wako watu wadogo mno, ukubwa wa sisimizi, wanakata majani na kupakia gari jingine. Juu ya vyote hivyo ni mbingu pana yenye mawingu yanayotembea, na ukikaza macho utahisi kwamba hivi punde mvua inaweza kunyesha.

Basi, ndiyo hiyo tu. Hakuna mfalme anayevikwa taji wala malaika anayeshuka. Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Katika Royal Academy, taasisi iliyokuwa na kauli ya mwisho juu ya uchoraji Uingereza, picha zilipangwa kwa vyeo kama askari. Cheo cha juu kilikuwa cha picha za historia: vita, wafalme, Biblia, miungu ya Wagiriki na Warumi. Picha za mandhari ya nchi zilikaa chini huko, na hata hizo zilipendwa zaidi zikionyesha Italia na magofu yake. Sasa anatokea jamaa na gari la shamba lililosimama kwenye maji ya kina cha goti, halafu analichora kwa ukubwa waliokuwa wakitengewa wafalme! Kwa watu wa wakati ule hiyo ilikuwa ni jeuri.

Mto wa baba yake

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, wilaya ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa na uwezo. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mwenye vinu vya kusaga ngano kwa nguvu za maji, kimoja kikiwa mahali paitwapo Flatford. Unga wake ulisafirishwa kwa matishari yaliyokokotwa na farasi kandokando ya Stour, kisha ukaingizwa merikebuni hadi London. Mzee alitaka John airithi kazi. Kijana akajaribu, kwa muda akafanya kazi ya kinu, lakini moyo haukuwapo. Mwaka 1799 akaingia shule ya uchoraji ya Royal Academy. Mdogo wake, Abram, ndiye aliyekuja kushika biashara.

Mahali panapoonekana kwenye picha ni hapo hapo Flatford, hatua chache kutoka kwenye kinu cha baba yake. Nyumba ile ya kushoto ilikuwa ya mkulima mpangaji aliyeitwa Willy Lott. Habari zake zinachekesha kidogo: inasemekana aliishi zaidi ya miaka themanini bila kutoka nyumbani kwake kwa siku nne kamili. Nyumba hiyo ipo hadi leo, inatunzwa.

Kwa hiyo Constable hakwenda kutafuta mandhari. Alichora mahali alipocheza utotoni. Alikwisha kuichora nyumba ya Lott mara nyingi katika vipande vidogo, miaka kama kumi kabla ya picha kubwa. Vipande hivyo vilikuwa kwake kama vile daftari la mwandishi: unaona kitu, unakiandika mistari mitatu, unakiweka, na miaka inapita kabla hujajua kitakufaa wapi.

Lakini sikiliza hili. Picha hii, yenye jua la adhuhuri na majani ya kiangazi, haikuchorwa mtoni. Ilichorwa London, mtaa wa Keppel, katika majira ya baridi ya mwaka 1820 kuingia 1821. Huko ndiko alikokuwa akiishi na mkewe Maria na watoto wao. Alichora kwanza rasimu nzima, ya ukubwa ule ule wa picha ya mwisho. Hebu fikiria, kuandika riwaya nzima ili upate kuiandika tena! Rasimu hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na ukizilinganisha unaona alichokifuta na alichokibakiza.

Kazi ilipofika ukingoni likazuka tatizo. Hakuwa na uhakika na umbo la gari. Mtu aliyekulia shambani hawezi kuwadanganya wakulima kuhusu gari! Basi mwezi Februari 1821 kijana mmoja wa kijijini, John Dunthorne mdogo, akatoka nje kwenye baridi kali kumchorea mistari ya gari la mavuno, akihimizwa na baba yake kwamba siku za maonyesho zimekaribia, na Abram akautuma mchoro huo London kwa barua. Katika barua hiyo hiyo Abram alieleza mashaka yake kama nduguye angewahi kumaliza, kwa sababu alipoiona picha, karibu kila kitu kilikuwa bado. Kwa hiyo lile jua unaloliona limetiwa na mtu aliyefungiwa na baridi mjini, na gari limechorwa na kijana aliyekuwa akitetemeka.

Hilo ndilo la kuiga. Alikipenda kitu kidogo cha kwao mpaka akakiona kinastahili turubai la kifalme, halafu akakifanyia kazi kwa ukaidi usio wa kawaida. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Sir George Beaumont, tajiri mpenzi wa sanaa aliyeamini kwamba picha nzuri lazima iwe ya rangi ya kahawia, kama fidla kuukuu. Constable hakubishana. Aliichukua fidla kuukuu akailaza juu ya majani mabichi ya bustani, ili mzee ajionee kwa macho yake kama majani ni kahawia.

Wageni watuza

Picha ikatundikwa Royal Academy mwaka 1821 kwa jina la Landscape: Noon, mandhari ya adhuhuri. Jina la gari lilikuwa la utani wa barua kati ya Constable na rafiki yake John Fisher, kasisi, na ndilo lililoshinda. Mnunuzi hakutokea. Mwaka uliofuata ikapelekwa maonyesho mengine, bei gini 150. Ikatoka kapa tena.

Hata hivyo kulikuwa na macho ya kigeni. Mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alikuwa London mwaka 1821 akaiona, na sifa zake zikafika Paris. Mfanyabiashara wa picha, John Arrowsmith, akaja na pauni 70. Constable akakataa: mtu hauzi mwaka mzima wa jasho lake kwa bei ya kutupa. Hatimaye mwaka 1824 wakaelewana, picha mbili kubwa na ndogo moja kwa jumla ya pauni 250. Mwaka huo huo picha zikaingia kwenye maonyesho makubwa ya Paris, yale yaitwayo Salon, na mji ukazungumza. Inasimuliwa kwamba Eugène Delacroix, kigogo wa wachoraji vijana wa Ufaransa, alipoziona alirudi kwenye picha yake mwenyewe ya mauaji ya Chios akairekebisha rangi. Mfalme Charles wa Kumi akamtunuku Constable medali ya dhahabu.

Mwenyewe hakwenda kuipokea. Aliitwa, hakwenda. Maisha yake yote hakukanyaga nje ya Uingereza. Na nyumbani? Royal Academy ilimpa uanachama kamili Februari 1829, akiwa na miaka 52, tena kwa ushindi wa kura moja tu. Mkewe Maria, aliyemsubiri miaka saba kumwoa kwa sababu babu yake, kasisi wa East Bergholt, hakumtaka mchoraji, alikuwa ameshafariki kwa kifua kikuu Novemba 1828 na kumwachia watoto saba. Heshima ilimkuta mtu aliyevunjika. Constable alikufa mwaka 1837. Picha ilirudi Uingereza, ikapita mikono kadhaa, hadi mwaka 1886 Henry Vaughan alipoitoa zawadi kwa National Gallery. Tangu hapo Waingereza wakaanza kusema: hii ndiyo nchi yetu.

Wale wa mbali

Sasa tuje kwenye lile la pili. Rudi kwenye picha. Watazame tena wale sisimizi wa ng'ambo, wakata majani. Hivi, walikuwa wakila nini?

Vita dhidi ya Napoleon viliisha mwaka 1815. Askari wakarudi vijijini kutafuta vibarua. Bei ya nafaka ikashuka, na bunge lililojaa wenye mashamba likapitisha Sheria ya Nafaka mwaka huo huo, kuzuia ngano ya bei nafuu kutoka nje. Mwenye ngano akalindwa, na kibarua akabaki na ujira mdogo na mkate ghali. Mwezi Mei 1816, mwezi ule ule ambao mzee Golding alifariki, vibarua wa Littleport na Ely, katika kanda hiyo hiyo ya mashariki, walifanya fujo wakidai mkate. Watano wakanyongwa. Mwaka 1822 vibarua wa Suffolk na Norfolk wakaanza kuvunja mashine za kupura nafaka, kwa kuwa zilikuwa zinawanyang'anya kazi ya miezi ya baridi.

Je, Constable hakujua? Alijua. Aprili 1822, mwaka mmoja tu baada ya kuionyesha picha yake, alimwandikia Fisher kwamba nduguye ana wasiwasi na hali ya Suffolk, ambako kila usiku moto ulionekana, mara karibu, mara mbali. Moto huo ni wa watu wenye hasira wakichoma mazao na maghala. Lakini katika turubai lile moshi ni mmoja tu, nao unatoka kwenye dohani ya Willy Lott.

Na kuna jambo lingine. Baada ya kifo cha mzee, biashara ya vinu iliendeshwa na Abram, na faida iligawiwa kwa ndugu wote. Fungu la John lilipelekwa London. Ndilo lililomwezesha kuoa, na ndilo lililomweka mjini akichora wakati picha haziuziki. Kwa maneno mengine, ile ngano iliyokuwa ghali kwa kibarua ndiyo iliyonunua rangi. Simlaumu kwa kuzaliwa na mwenye kinu. Hakuna aliyechagua tumbo la kuzaliwa. Lakini alitazama mto kutokea upande wa kinu. Ndiyo maana gari liko karibu na mkata majani yuko mbali. Na msimamo wake wa siasa ulikuwa wa upande huo huo: mageuzi ya uchaguzi ya mwaka 1832 aliyapinga vikali.

Mtetezi wake atasema: ndugu, mchoraji si mwandishi wa habari, kwani kila anayechora mto lazima achore njaa? Ni hoja nzuri na siitupi. Mtu aliyefungiwa na baridi ya London ana haki ya kukumbuka jua la kwao, na kumbukumbu haina wajibu wa kutoa taarifa ya polisi. Tatizo ni kwamba picha ikishatoka mkononi huenda kutoa ushahidi. Vizazi vimeitazama vikaamini kwamba hivyo ndivyo Uingereza ilivyokuwa, tulivu, kila mtu na mahali pake, maji yakitiririka. Kilichokuwa hamu ya mtu mmoja kikawa historia ya taifa.

Na si kweli kwamba wakati ule hapakuwa na jicho lingine. Mwaka 1820, mwaka mmoja kabla ya picha hii, kibarua wa shamba wa Northamptonshire aitwaye John Clare alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Naye aliandika mashamba, vijito na ndege, lakini kutokea upande wa yule sisimizi. Alishuhudia ardhi ya wote ikizungushiwa ua na kuwa ya wachache, na akayasema hayo. Mfadhili wake mmoja, Lord Radstock, alikasirishwa na mistari inayoushutumu utajiri, akashinikiza mpaka mistari ikaondolewa katika toleo la baadaye. Mwaka 1837, ule Constable alipokufa akiwa mwanachama wa Royal Academy, Clare alipelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na karibu maisha yake yote yaliyobaki yakaishia katika hospitali za namna hiyo, hadi kifo chake mwaka 1864.

Haya mambo hayajalala. Mwaka 1980 msanii Peter Kennard alikata na kubandika makombora ya nyuklia juu ya lile gari, kupinga makombora ya Marekani yaliyokuwa yakiletwa Uingereza. Julai 2022 wanaharakati wawili vijana waliingia National Gallery, wakaifunika picha kwa karatasi yenye mandhari ile ile lakini miti imeungua, angani ndege na mahali pa mto pana barabara, kisha wakajibandika mikono kwa gundi kwenye fremu. Hawakuchagua picha ya vita. Walichagua hii kwa sababu watu wengi huamini utulivu wake.

Na sisi je?

Wengi wetu tunaoandika tunadhani hadithi iko kwingine. Kijana wa kidato cha nne anaanza riwaya, mhusika wake anaitwa Johnson na anaendesha gari la kifahari kwenye mji ambao mwandishi hajaukanyaga. Huyo angefaa kuijua habari ya gari la shamba kwenye maji ya goti, na rasimu nzima iliyotangulia, na Dunthorne kwenye baridi akihakikisha magurudumu yamekaa sawa. Kijito chako kinatosha. Kama hakikutoshi, sidhani kama bahari itakutosha.

Lakini ukishakaa kukiandika, jiulize umesimama ng'ambo ipi. Mimi nimejaribu zoezi moja, nawapa bure: chukua hadithi yako uliyoimaliza, mtafute mtu aliyemo ndani yake kwa sentensi moja tu, labda mchota maji au utingo wa lori, kisha andika ukurasa mzima ukitazama mambo kutokea pale aliposimama yeye. Pengine ukurasa huo hautaingia kwenye kitabu. Lakini hutarudi kwenye hadithi ile ukaiona kama ulivyokuwa ukiiona.

Constable alitupa mto wake, nasi tunamshukuru, kwa maana ni mto kweli. Mkata majani bado yuko kule ng'ambo, ameinama, uso wake hauonekani.